Mwizi muungwana, lakini ameibiwa nani?

Wahenga wetu walisema siku za mwizi ni arobaini. Wiki hii nitawazungumzia mwizi mmoja ambaye hesabu hiyo imemshinda. Alianza kazi mwezi wa Julai mwaka 1905, na mpaka leo arobaini yake haijafika. Amevunja nyumba za makabaila wa Paris, ametoroka gerezani, amemfanyia mzaha kila inspekta aliyetumwa kumkamata, na kila alipofanya hivyo watu walimpigia makofi. Jina lake ni Arsène Lupin. Ni Mfaransa, na kama hujapata kukutana naye usijilaumu, maana hajapata kuishi popote ila vitabuni.

Najua yuko atakayesema: huyu bwana leo ana nini? Wezi tunao wa kutosha hapa mjini, wa nini tena kutuletea mwizi wa Ulaya, tena wa kubuni? Namwomba anivumilie kidogo. Kijana akinyakua mkoba wa mama mmoja sokoni, na sauti ikapigwa "Mwizi! Mwizi!", watu wazima wenye kazi zao na watoto wao huokota mawe. Watu haohao, jioni ile ile, wakikaa mbele ya televisheni humshangilia mwizi aliyevaa suti nzuri. Kuna kitu kimepita hapo katikati, na mimi sijaona mahali pazuri pa kukitazama kuliko katika hadithi za Lupin.

Aliyemzaa Lupin anaitwa Maurice Leblanc, mtoto wa tajiri wa meli wa mji wa Rouen, aliyezaliwa mwaka 1864. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika vitabu vizito, vya mapenzi na huzuni, ambavyo havikumpa umaarufu wala fedha za maana. Alipokuwa na umri wa miaka arobaini, mchapishaji Pierre Lafitte alikuwa ameanzisha jarida lenye jina la kujigamba, Je sais tout, yaani Najua Yote, naye akamtaka Leblanc ampe hadithi ya kuchangamsha wasomaji. Waingereza wakati huo walikuwa wakivuna fedha kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wao mwenye kiko. Leblanc akaligeuza jambo. Badala ya kumfuata anayekamata, akamfuata anayekimbia.

Na tazama alivyoanza. Meli ya abiria inakwenda Marekani kutoka Ufaransa. Katikati ya bahari inaingia simu ya upepo: Arsène Lupin yumo melini, daraja la kwanza, nywele za rangi ya dhahabu, jeraha mkono wa kulia, anasafiri peke yake, na jina analotumia linaanza na herufi R... Hapo dhoruba inaikata simu. Basi fikiria hali ya abiria wale. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Mwenye jina la herufi R anaandamwa. Vito vya bibi mmoja vinaibiwa. Msimulizi wetu, kijana mtanashati, anashiriki katika kubahatisha, huku akimpendeza msichana wa Kimarekani aitwaye Nelly. Meli inapofika New York, Inspekta Ganimard amesimama bandarini akingoja, naye anamshika bega mtu ambaye msomaji hakumdhania hata kidogo, yaani msimulizi mwenyewe. Yule aliyekuwa akitusimulia habari za mwizi ndiye mwizi.

Kwa hiyo Lupin alizaliwa siku aliyokamatwa. Wasomaji walimdai tena, na Leblanc, ambaye sidhani kama aliwahi kuota kwamba ataishi kwa jasho la mwizi, ikabidi amtoe gerezani. Akaishi naye zaidi ya miaka thelathini.

Hapa niseme neno juu ya Sherlock Holmes, maana lina kichekesho chake. Mwaka 1906 Leblanc alimwingiza Holmes katika hadithi ya Lupin, kwa jina lake kamili, bila ya kumwomba ruhusa mwenyewe, Arthur Conan Doyle. Mwenyewe akalalamika. Leblanc akafanya kama ambavyo Lupin angefanya: akambadilisha nguo. Akahamisha herufi, Sherlock Holmes akawa Herlock Sholmès, na kazi ikaendelea. Mwaka 1908 kikatoka kitabu kizima cha Lupin dhidi ya huyo Sholmès. Mwandishi wa wizi naye aliiba kidogo, na kwa adabu hiyo hiyo.

Sisi wasomaji wa Kiswahili, riwaya zetu za upelelezi zilikwenda upande wa pili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko na akampa rafiki, Najum, na aliyemjua Holmes alijua mara moja kiko kile kimetoka nyumba gani. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye ni mtu wa kusaka wahalifu, na Willy Gamba wa Elvis Musiba yuko kazini kwa ajili ya nchi. Mwizi kwetu hukaa kiti cha nyuma. Hata hivyo nadhani Lupin tunamwelewa upesi, kwa sababu tumelelewa na Abunuwasi. Aliyecheka Abunuwasi alipomzungusha Sultani mbele ya watu wake, kicheko cha Lupin hakimpi taabu.

Niwasimulie kisa kimoja tu, nacho ni kile ninachokipenda kwa ufundi wake. Lupin yuko rumande, katika gereza la La Santé mjini Paris. Mbali huko, kwenye kasri lililojengwa juu ya mwamba katika mto Seine, anakaa Baroni Cahorn, peke yake na mali zake: picha za wachoraji wakubwa, samani za kale, vito. Siku moja baroni anapata barua kutoka gerezani. Lupin anamwomba kwa heshima zote afungashe vitu fulani na fulani, ambavyo amevitaja kimoja kimoja, avipeleke katika stesheni ya Batignolles, na gharama za usafirishaji alipe mwenyewe. Asipofanya hivyo katika muda wa siku nane, Lupin atakuja kuvichukua usiku wa tarehe 27 Septemba, na hapo hatatosheka na hivyo alivyovitaja. Kisha anaongeza kwamba picha moja kubwa baroni asijisumbue kuituma, kwani ni nakala.

Baroni anakaribia kuwa mwendawazimu. Mtu aliye ndani ya kuta nne atakujaje? Polisi wanamcheka. Ndipo anaposoma katika gazeti la mji kwamba Inspekta Ganimard, yule yule aliyemkamata Lupin, yuko likizo karibu na pale, anavua samaki. Anakimbia kumwangukia. Ganimard anakataa, anakasirika, halafu anakubali. Usiku wa miadi anakuja na watu wawili, anawaweka kulinda ukumbi wa hazina, yeye mwenyewe anakaa na baroni. Asubuhi ukumbi hauna kitu. Walinzi wamelala fofofo.

Bila shaka umekwisha tambua, msikilizaji. Yule mvuvi hakuwa Ganimard. Habari ya gazetini iliwekwa makusudi. Baroni alikwenda mwenyewe kumwita mwizi, akamfungulia lango, akamwonyesha mahali pa kusimama. Bila ya ile barua ya vitisho asingemfungulia mtu yeyote. Hofu yake ndiyo iliyokuwa ufunguo. Watu wa mjini ambao wamewahi kupigiwa simu na mtu anayewaonya kwamba fedha zao ziko hatarini, na kwamba waseme namba yao ya siri ili zihifadhiwe, watatambua kwamba Leblanc aliieleza mbinu hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Sasa tumtazame baroni. Leblanc ametuambia nini juu yake? Ametuambia kwamba ni mlanguzi, kwamba kasri lile alilipata kwa bei ya kutupa baada ya wenyewe kupatwa na msiba wa kufilisika, kwamba hana mke wala rafiki, na kwamba vitu vyake haonyeshi mtu. Maneno machache tu, lakini yamefanya kazi kubwa. Kabla Lupin hajagusa kitasa, mwandishi ameshatuondolea huruma. Hapa ndipo ulipo ufundi hasa wa hadithi hizi, kuliko nywele za bandia na milango ya siri. Lupin hachagui nyumba za kuibia. Anayemchagulia ni Leblanc, naye humchagulia nyumba ambazo sisi wasomaji tungependa ziibiwe. Baroni mmoja katika kitabu hicho hicho aliingiliwa usiku na mwizi huyu, ambaye alizitazama samani zake, akatoka mikono mitupu na kuacha kadi ya kusema kwamba atarudi siku mwenye nyumba atakapokuwa na vitu halisi. Nani atamlilia mtu kama huyo? Tunacheka, na kwa kicheko hicho tumekwisha kuwa washirika wa mwizi.

Mwaka ule ule wa 1905 Ufaransa ilikuwa na mwizi wa kweli ambaye magazeti yalimjaa. Mwezi wa Machi, katika mji wa Amiens, ilianza kesi ya Marius Jacob na kundi lake, waliojiita Wafanyakazi wa Usiku. Jacob alikuwa mtoto wa Marseille, baharia tangu utotoni, akaja kuwa mwanaharakati wa wale wasiotaka serikali yoyote. Walivunja majumba na makanisa zaidi ya mia moja. Inasimuliwa kwamba walikuwa na sheria yao: mwalimu, daktari, mtu anayeishi kwa kazi yenye manufaa haibiwi. Mahakamani Jacob aliwachekesha watu na kuwakasirisha waheshimiwa, akaeleza kwamba yeye anarudisha kilichoibwa na matajiri. Miezi minne baadaye Lupin akatokea jaridani. Wako wanaoshikilia kwamba Leblanc alimchota Lupin kutoka kwa Jacob, wako wanaobisha, nami sitaingia katika ugomvi huo. Ninachokiona ni tofauti ya malipo. Katika kundi la Jacob damu ilimwagika, askari polisi aliuawa. Jacob alihukumiwa kazi ngumu maisha, akasafirishwa kwenye magereza ya Guyane, Amerika ya Kusini, ambako wengi walikufa kwa homa na njaa. Alikaa huko karibu miaka ishirini, akijaribu kutoroka mara baada ya mara, na kila mara akarudishwa. Lupin alipochoka na gereza la La Santé alitoka kwa mlango wa mbele, mahakama nzima ikiamini kwamba si yeye.

Nirudi kwenye neno lenyewe. Wafaransa humwita Lupin mvunja nyumba muungwana, na hilo neno la muungwana wamelikopa kwa Waingereza. Kiswahili chetu hakikuhitaji kukopa. Katika miji yetu ya pwani muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, mwenye nyumba na ukoo unaojulikana. Baadaye tukasema uungwana ni vitendo, tukalitoa neno katika damu tukalitia katika tabia. Lakini ile maana ya kwanza haikufa kabisa. Inanyemelea bado tunapomwita "mzee" au "bosi" mtu tusiyemjua kwa sababu tu ya gari lake. Lupin anaishi katika nafasi hiyo hiyo iliyo baina ya maana mbili. Anavaa kofia ndefu nyeusi, anajua mvinyo gani unakwenda na samaki gani, anabusu mikono ya mabibi, na kwa hiyo hakuna mlinzi wa mlango anayethubutu kumwuliza anatoka wapi.

Na anatoka wapi? Leblanc alilijibu swali hilo mapema, katika kisa kinachoitwa Mkufu wa Malkia, nacho ndicho kisa pekee kati ya vile vya mwanzo ambacho kikinishika sicheki.

Mkufu wenyewe una historia ya kweli. Katika miaka ya 1784 na 1785 wajanja fulani mjini Paris, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Jeanne de la Motte, walimdanganya Kardinali wa Rohan kwamba Malkia Marie Antoinette anautaka kwa siri mkufu wa almasi uliokuwa na thamani ya fedha zao 1,600,000. Kardinali akauchukua kwa mkopo, wajanja wakaukatakata na kuuza mawe. Malkia hakuwa na habari, lakini wananchi wenye njaa hawakuamini, na fitina ile ilimfuata mpaka mwisho wake. Leblanc akaongeza la kwake: fremu ya mkufu ilibaki, ikanunuliwa na ukoo wa makabaila, ikatiwa mawe mengine, ikavaliwa na mabibi wa ukoo huo kwenye sherehe kubwa.

Usiku mmoja mkufu ukatoweka katika kijichumba kisicho na njia ila kupitia chumba cha kulala cha wenyewe. Katika nyumba hiyo alikuwamo mwanamke aitwaye Henriette. Alisoma shule moja na bibi wa nyumba, walikuwa marafiki. Henriette akaolewa na mtu wa chini, ukoo wake ukamtupa, mume akafa, naye akabaki na mtoto wa kiume wa miaka sita. Rafiki yake akamchukua, akampa chumba cha uani, na kazi ya kushona. Rafiki akawa mtumishi, tena mtumishi wa kusemwa. Mkufu ulipopotea, macho yote yalikwenda kwake. Polisi wakapekua, hawakupata kitu. Hata hivyo bibi akamfukuza.

Aliyechukua mkufu alikuwa yule mtoto. Aliweka ubao kutoka dirisha la chumba chao mpaka kile kidirisha kidogo cha juu ambacho mtu mzima hapiti, akaingia, akatoka. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiona jinsi mama yake anavyosemeshwa. Jina lake la utotoni ni Raoul, na ukubwani ni Arsène Lupin.

Hapa Leblanc, pengine bila ya kukusudia sana, amefanya jambo ambalo vitabu vya namna hii hukwepa. Ametuonyesha aliyelipa. Kabaila hakulipa, maana alibaki kabaila. Aliyetolewa nje na kamba ya shuka zake ni mama, kwa wizi ambao hakuufanya. Mtoto alimtetea mama yake kwa tendo ambalo lilimwangukia mama huyo huyo. Lupin ataiba miaka yote iliyobaki, na kwangu mimi kila kasri anamoingia lina uani, na uani hapo yupo mwanamke anayeshona, ambaye asubuhi atapekuliwa yeye kwanza. Walinzi wa Baroni Cahorn wangekuwa walinzi wa kweli, wangekula wapi baada ya usiku ule? Kitabu hakisemi.

Baadaye Leblanc alijaribu kumpa mwizi wake maadui wakubwa zaidi. Katika Kizibo cha Kioo, cha mwaka 1912, Lupin anapambana na mbunge anayewatisha wenzake kwa orodha ya majina ya waliokula rushwa ya mfereji wa Panama. Kashfa hiyo ilikuwa ya kweli, iliitikisa Ufaransa mwaka 1892, wananchi wengi wenye akiba ndogo wakapoteza fedha zao. Ni kitabu kizuri, na mwenye kufuatilia siasa popote atakifurahia. Zipo na nyingine, za mapango ya Étretat na za mpelelezi ambaye mwisho unagundua alikuwa Lupin mwenyewe. Nazipita.

Lakini iko moja siwezi kuipita. Ni Meno ya Chui Milia, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1920. Lupin sasa anaitwa Don Luis Perenna. Ukizihamisha herufi za Luis Perenna utapata Arsène Lupin, michezo yake ni ile ile. Amekuwa katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, amepigana Morocco. Anapobanwa na polisi wa Paris, anakwenda mbele ya waziri mkuu na kumwekea mezani zawadi ili apewe uhuru wake. Zawadi yenyewe ni dola. Ameiteka Mauritania, amejifanya mfalme wake, na sasa anaikabidhi kwa Ufaransa.

Msikilizaji, nilipofika ukurasa huo nilikiweka kitabu chini. Mtu huyu alipochukua picha ukutani mwa baroni aliitwa mwizi, akasakwa na Ganimard kwa miaka. Alipochukua nchi nzima, na watu wake, na visima vyao, na makaburi ya babu zao, neno wizi halikutajwa hata kwa mzaha. Waziri mkuu anashangaa, anafurahi, anapokea. Msomaji wa Paris anajivunia. Hakuna inspekta wa kesi hiyo.

Na tusidhani ni ndoto ya mwandishi tu. Mwezi wa Mei mwaka 1905, wiki chache kabla ya Lupin kuonekana jaridani kwa mara ya kwanza, mjumbe wa Ufaransa aitwaye Xavier Coppolani, aliyekuwa akiiingiza Mauritania mkononi mwa serikali yake kwa maneno laini na kwa bunduki, aliuawa na wenyeji huko Tidjikja. Mwaka 1909 majeshi ya Ufaransa yakaiteka Adrar. Desemba 1920, mwaka ule ule wa kitabu chetu, Mauritania ikatangazwa rasmi kuwa koloni. Haikupata uhuru mpaka Novemba 28, 1960. Leblanc alikuwa akiandika kwa ajili ya watu waliokuwa wakisoma habari hizo kwenye ukurasa mwingine wa gazeti lile lile. Kama alivyotuondolea huruma kwa Baroni Cahorn kwa kumweleza ubaya wake, kwa Wamauritania hakuona hata haja ya kuwaeleza.

Simwiti Leblanc mtu mbaya. Alikuwa mtu wa wakati wake, na wakati wake ulimfikia naye. Vita vilipoanza upya Ulaya, mzee huyo alikimbilia kusini, katika mji wa Perpignan, akafa huko Novemba 1941. Nyumba yake ya Étretat, aliyoiita kwa jina la Lupin, ilikuwa katika pwani iliyoshikwa na majeshi ya Ujerumani.

Sasa tuje karibu. Januari 2021, wakati dunia imejifungia ndani kwa ajili ya Korona, kampuni ya Netflix ilionyesha mfululizo wa filamu uitwao Lupin, na kwa muda mfupi ukatazamwa katika mamilioni ya nyumba, za hapa kwetu zikiwamo. Shujaa wake haitwi Lupin. Anaitwa Assane Diop, mtoto wa Msenegali aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja wa Paris. Mkufu wa malkia unapotea nyumbani kwa tajiri, dereva anasingiziwa, anafia gerezani. Mtoto anabaki na kitabu alichopewa na baba yake siku ya kuzaliwa, nacho ni kitabu cha Arsène Lupin. Anakisoma mpaka anakuwa yeye.

Aliyecheza nafasi hiyo ni Omar Sy, mzaliwa wa Trappes karibu na Paris. Baba yake anatoka Senegal. Mama yake anatoka Mauritania. Sijui kama watengenezaji wa filamu walikuwa na Meno ya Chui Milia akilini, lakini mimi nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kama mtu aliyerudishiwa chenji yake baada ya miaka mia moja.

Na wamegeuza kitu kimoja kwa akili sana. Lupin wa Leblanc hujificha kwa kupanda juu: anakuwa mwana wa mfalme, anakuwa jenerali, na mavazi yake yanawafumba watu macho. Assane hujificha kwa kushuka chini. Anaingia jumba la makumbusho la Louvre na ndoo, amevaa sare ya wafagiaji, na hakuna anayemtazama usoni, kwa kuwa mtu mweusi mwenye ufagio usiku ndani ya Louvre ni sehemu ya jengo. Anapita kama mpeleka chakula kwa baiskeli. Anapita kama fundi. Hapa yule mtu wa uani, ambaye Leblanc alimwonyesha mara moja kisha akamsahau, amepewa hadithi nzima iwe yake. Mnyonge aliyepekuliwa kwanza ndiye ambaye mtazamaji anakaa upande wake, na mwenye mkufu ndiye anayedaiwa maelezo.

Ipo kasoro. Assane naye huwadanganya watu wadogo pale inapomfaa, na mtengenezaji wa filamu hutukimbiza upesi tusiwatazame. Ufundi wa Leblanc haukupotea. Kijana wa sokoni aliyenyakua mkoba hana mtu wa kumwandikia, wala mama mwenye mkoba hana, na nadhani ndiyo sababu mawe hufika upesi hivyo.

Kwa anayetaka kumsoma Lupin, vitabu vyake viko kwa Kiingereza pia, na si ghali. Nashauri asianze na vile vinene. Aanze na ule mkusanyo wa kwanza wa mwaka 1907, na ndani yake autafute Mkufu wa Malkia. Pale katikati kuna jambo dogo ambalo filamu haina. Henriette, baada ya kufukuzwa, amekwenda kuishi shamba, maskini na mgonjwa. Kila mwaka anapokea kwa posta bahasha yenye noti, bila jina la mtumaji. Anafikiri sana ni nani anayeweza kuwa mwema kiasi hicho. Mwisho anachukua kalamu na kumwandikia yule bibi aliyemfukuza, anamshukuru kwa moyo wake wote.